Ghala Lililoondoka Malindi

Katika miaka yake ya upelelezi, Inspekta Rubeni Singano alikuwa ametafuta ng'ombe, baiskeli, marobota ya katani, na mara moja bwana harusi. Jengo hakuwahi kutafuta. Jengo, kwa jinsi alivyofundishwa chuoni, ndipo mahali wizi unapotokea. Halikuwa miongoni mwa vitu vinavyoibwa.

Lakini taarifa ilikuwa wazi, na ilikuwa na mhuri. Meneja mmoja aitwaye Ndugu Alfred alilalamika kwamba wananchi wa kijiji cha ujamaa cha Malindi, kule milimani Lushoto, wakiongozwa na mwenyekiti wao, wameiba ghala la mabati, jipya, lililofunguliwa rasmi mwezi wa sita na mgeni wa heshima. Wameliiba lote: kuta, paa, mlango. Wameacha sakafu.

Meneja huyo alikuwa wa Shirika la Maghala na Viwanja vya Viwanda, shirika la umma lililopewa kazi ya kujenga maghala na mitaa ya viwanda milimani kote. Walipofupisha jina hilo huko makao makuu walipata SHIMAVI, na inaonekana hakuna aliyelitamka kwa sauti kabla halijachorwa kwenye malori. Kina mama wa Kilutheri wa Lushoto walisema "shirika" tu, wakaishia hapo.

Rubeni alipanda kutoka Tanga mwishoni mwa Julai, mwezi ambao Lushoto mtu huoga kwa kudhamiria. Yeye ni Mbondei wa Muheza, mtu wa joto na minazi. Alivaa sweta mbili chini ya koti, na bado alipoingia kituoni meno yake yalisalimia kabla yake. Alipokelewa na Koplo Bertha, msichana Mshambaa mrefu aliyevaa shati la mikono mifupi kana kwamba yuko pwani.

"Mtuhumiwa yupo rumande, afande," Bertha akasema. "Ni Mzee Danieli, mwenyekiti. Ameshinda akituimbia nyimbo za kanisani. Sauti yake nzuri."

Mzee Danieli alikuwa amekaa sakafuni, amenyoosha miguu. Rubeni akaona jambo moja mara moja, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuanza na miguu ya watu: wa kulia ulivaa katambuga, kile kiatu cha tairi la gari, na wa kushoto ulivaa kandambili.

"Shikamoo, mzee," akasema, maana hata mtuhumiwa ana umri wake.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pa kukaa hapana, lakini karibu."

"Kufuli la ghala limekutwa kwenye banda lako la kuku."

"Ndiyo. Nililitundika mwenyewe."

"Ulilipata wapi?"

"Nililiokota. Tuliporudi kijijini jioni ile, ghala halikuwepo, kufuli lipo chini. Nikakaa nalo nikifikiri ghala litarudi. Halikurudi. Nikaona kufuli lisikae bure na kuku wanaliwa na nguchiro."

"Na ufunguo?"

"Huo sijaugusa. Meneja aliondoka nao siku ya ufunguzi. Alisema utakuja na karani, na karani hakuja. Ghala lile hatukuweka ndani hata kiazi kimoja."

"Sasa banda unalifungaje bila ufunguo?"

"Silifungi. Kufuli linaning'inia tu. Nguchiro hajui."

Bertha akageukia ukutani na kukohoa. Rubeni akaomba aletewe hilo kufuli, akalipeleka dirishani penye mwanga. Hakuna mkwaruzo wala alama ya nyundo, na chuma chake cha juu kilikuwa kimeachia vizuri kabisa.

"Koplo, ukitaka kuiba ghala, kufuli utalifanya nini?"

"Nitalivunja, afande."

"Huyu hakuvunja."

Alilifunga kwenye leso, akapanda Landrova.

* * *

Malindi ni mbali kupita Magamba, barabara inazunguka msitu hadi mtu anaanza kumwona dereva wake mara mbili. Walipofika, mke wa Danieli, Mama Raheli, alikuwa tayari amesimama kwenye sakafu ya ghala na kanga yake kichwani, kama mwenye nyumba anayengoja wageni sebuleni.

"Onga mshi," akamwambia Bertha.

Bertha akamwitikia, akamwamkia tena kwa Kiswahili ili inspekta asijione ametengwa. Rubeni naye akaamkia, kisha akapiga magoti.

Ilikuwa sakafu nzuri ya saruji, katikati ya shamba ambalo zamani lilikuwa la mapeasi. Pembeni boliti zilichomoza, zimesimama wima, uzi wake mzima. Rubeni akazipitia moja moja kwa kidole. Nati zote zilikuwa zimefunguliwa kwa spana, wala hapakuwa na boliti iliyokatwa au kupindwa. Akatafuta kwenye majani: hakuna msumari, hakuna kipande cha bati, hakuna hata kibanzi.

"Wezi wasafi," akasema.

"Walifagia," akasema Mama Raheli. "Nilikuta alama za ufagio. Nikashangaa, maana mume wangu ndiye wanasema ameiba, na mume wangu hajawahi kufagia."

"Siku ghala lilipotoweka mlikuwa wapi?"

"Lushoto, kwenye Saba Saba. Kijiji kizima, na wagonjwa. Tulikwenda asubuhi kwa lori, tukala pilau, tukanywa soda, tukasikia hotuba. Tulifurahi sana. Miaka yote hakuna aliyetuchukua."

"Lori la nani?"

"La shirika. Lilitushusha pale uwanjani, likasema litarudi jioni. Jioni likarudi, dereva amechoka sana, masikini, anasinzia kwenye usukani. Tukamwimbia njia nzima asilale."

Rubeni akamtazama Bertha. Bertha alikuwa ameacha kutazama milima.

"Mama, ghala lenyewe lilikuwaje?"

"Bati tupu. Zuri. Ila mlango. Siku ya ufunguzi mgeni alikata utepe, akavuta mlango, ukambakia mkononi. Bawaba ya juu ilivunjika. Basi mgeni anahutubia, na Danieli yuko nyuma yake ameushikilia mlango kwa bega. Akaona hotuba haiishi. Akavua katambuga lake la kushoto, akalikata kwa panga, akagongelea bawaba mpya pale pale. Watu wakidhani anapiga makofi."

"Meneja aliona?"

"Meneja alikuwa anapiga makofi kweli."

Rubeni alitaka kuuliza jambo jingine, lakini macho yake yalikuwa yameshika kitu upande wa pili wa bonde. Chini ya migomba palikuwa na kibanda, na paa lake liling'aa kwa bati jipya.

"Kwa nani pale?"

Mama Raheli akasitasita. "Kwa Mika. Ni mzee wa kanisa."

Waliteremka bondeni na kupanda. Mika, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, aliwaona wakija kwa muda mrefu, kwa hiyo alipata nafasi nzuri ya kuogopa. Walipofika mlangoni alikuwa analowa jasho katika baridi ile.

"Shikamoo, mzee. Tumekuja kuhusu bati lako."

"Nimekosa," akasema Mika.

"Umekosa nini?"

"Najua kanisa linakataza. Najua na mimi nimesimama mbele ya watu nikakataza. Lakini mapipa ni mawili tu, na ni ya miwa ya shambani kwangu, na wanywaji ni watu wazima."

Rubeni akachungulia. Chini ya lile bati jipya palikuwa na mapipa ya boha, pombe ya miwa, yanachemka polepole kwa furaha yake yenyewe. Akainua mkono kupima mawimbi ya bati. Yalikuwa madogo, bati jembamba la dukani, na halikuwa na tundu hata moja la boliti.

"Mzee Mika, mimi natafuta ghala."

"Ghala?" Mika akakaa juu ya kinu. "Si pombe?"

"Sikuulizia pombe."

"Basi sikusema kitu."

"Hata mimi sikusikia. Koplo, ulisikia?"

"Upepo, afande."

Wakaondoka. Nyuma yao Mika alianza kumshukuru Mungu kwa sauti, kisha akakumbuka ni kwa ajili gani, akapunguza.

* * *

Ndugu Alfred alikuwa mtu nadhifu, suti ya Kaunda rangi ya majivu, kalamu nyingi mfukoni. Aliposikia kwamba inspekta ametoka Malindi mikono mitupu alisikitika kwa dhati.

"Tatizo lako, Ndugu Inspekta, hujui sura ya kitu unachotafuta. Twende Magamba. Pale tuna ghala jingine, tumelifungua wiki iliyofuata baada ya Saba Saba. Maghala yetu yanafanana kama mapacha. Ukiliona hilo utakuwa umeliona na lile."

"Nitashukuru sana," Rubeni akajibu.

Walikwenda na lori la shirika nyuma yao, likiendeshwa na dereva aitwaye Hamisi, mtu wa Pangani, mwenye mabega mapana na uso wa mtu asiyeulizwa maoni. Kabla ya ghala, Alfred alisisitiza kuwaonyesha mtaa wa viwanda. Ulikuwa kwenye mteremko ulio chini ya msitu. Penye lango palikuwa na ubao mkubwa uliochorwa mabomba ya moshi, malori, na wafanyakazi wenye misuli wakitabasamu. Nyuma ya ubao palikuwa na majani.

"Hapa," Alfred akasema, akisimama kwenye majani, "ni kiwanda cha jemu. Plamu za Lushoto zote zitaingia pale na kutoka hapa."

Rubeni akasogea pembeni, asizuie jemu.

"Hapa, magunia. Pale, sabuni. Na huyu?"

"Ni ng'ombe," akasema Bertha.

"Namuona ni ng'ombe. Nauliza ni wa nani, kwenye ofisi ya utawala."

Mama mmoja wa Magamba aliyekuwa anakata majani akasema ni wake, na kwamba akifukuzwa utawala atampeleka kwenye sabuni. Alfred akacheka kwa uungwana na kuwapeleka ghalani.

Ghala lilisimama mwisho wa kiwanja, linametameta. Lilikuwa zuri kweli. Alfred akatoa ufunguo, akafungua kufuli jipya, akavuta mlango. Mlango ulikuja bila kelele, laini, kama mlango uliopata matibabu. Rubeni hakuingia. Alibaki kizingitini akitazama juu.

Bawaba ya chini ilikuwa ya chuma. Ya juu ilikuwa kipande cheusi cha tairi, kimegongelewa misumari iliyopinda.

"Mafundi wenu hutumia mpira?" akauliza.

Alfred akatazama bawaba ile kwa muda mrefu kidogo. Ilikuwa dhahiri kwamba hajawahi kuiona. "Ni mbinu mpya," akasema. "Kujitegemea."

"Maghala yote?"

"Yote."

"Mapacha," akasema Rubeni. "Koplo, chukua Landrova, mlete Mzee Danieli. Mwambie aje na viatu vyake."

Lushoto ni karibu na Magamba, hawakukaa sana. Wakati wa kungoja, Rubeni aliingia ndani na kuzunguka. Ghala lilikuwa tupu hata vumbi hamna. Ukutani, kila bati lilikuwa na namba ya rangi nyekundu, la kwanza karibu na mlango, zikifuatana hadi kurudi mlangoni, kama nguo za wanafunzi wa bweni. Alfred alimfuata nyuma akieleza mzunguko wa hewa. Nje, Hamisi aliketi kwenye ngazi ya lori akivuta sigara, na kila Rubeni alipopita mlangoni dereva yule alitazama magurudumu yake.

Mzee Danieli aliposhuka kwenye Landrova hakusalimu mtu. Alitembea moja kwa moja, katambuga na kandambili, ta-pa, ta-pa, hadi mlangoni. Akaweka kiganja juu ya bati.

"Kumbe uko huku," akaliambia ghala.

"Mzee, naomba kiatu chako cha kulia," akasema Rubeni.

Akampa. Rubeni alikigeuza, akakipitisha kwa Bertha. Ubavuni mwa tairi palikuwa na herufi nene, zimekatwa katikati na kisu cha fundi viatu. Jina la nchi tairi lilikotoka.

"Soma, Koplo."

"IN," akasoma Bertha.

Rubeni akainua uso kwenye bawaba, akafuta vumbi kwa kidole gumba.

"DIA," akasoma.

Yule mama wa Magamba, aliyekuwa amesogea na majani yake kichwani, aliyashusha chini ili asikie vizuri. Alfred akafungua mdomo. Rubeni hakumngoja.

"Ndugu Meneja, nisaidie. Mwizi alikuwa na ufunguo wa kufuli, na ufunguo ulikuwa kwako. Alikuwa na spana na mafundi wanaojua kila bati linakaa wapi, ndiyo maana yana namba. Alikuwa na lori. Na alijua siku ambayo Malindi nzima haitakuwepo, kwa sababu yeye ndiye aliyewapeleka wakale pilau. Mimi namjua mtu mmoja tu wa namna hiyo. Wewe unawajua wangapi?"

Alfred akamtazama Hamisi. Hamisi akaizima sigara.

"Mimi naendesha tu, afande," akasema dereva. "Lakini ukiniuliza, hilo ghala limesafiri kuliko mimi. Kabla ya Malindi lilikuwa Mlola. Jumamosi linakwenda Soni. Mgongo wangu umekwisha."

Meneja akakaa kizingitini, kwa uangalifu, akikunja suruali kwanza.

"Mabati yalikuja ya ghala moja," akasema. "Moja tu, kwa milima yote hii. Nikaandika makao makuu kwamba hayatoshi. Wakajibu maghala yote yawe yamefunguliwa kabla mwaka wa mpango haujaisha. Nikaandika tena. Wakajibu niache mawazo ya kikoloni. Basi nikakaa, nikafikiri. Nikaona hawakusema yawe yamejengwa. Walisema yawe yamefunguliwa."

"Ukayafungua."

"Vizuri sana. Ngoma, utepe, kila kitu. Mgeni anakuja, anakata, anaondoka. Hakuna aliyewahi kurudi. Sasa mgeni aliyefungua la Malindi akaandika kwamba anapita tena mwezi wa nane, aone viazi. Nani hurudi kuona viazi?"

"Kwa hiyo ukasema limeibwa."

"Ningesema nini? Na sikuiba, Ndugu Inspekta. Nililihamisha. Kuhamisha si kosa. Nchi nzima imehamishwa."

Rubeni akageuka kutazama nani mwingine amesikia.

"Hilo," akasema Rubeni, "nakushauri usiliseme mahakamani. Kosa lako ni jingine. Umeleta polisi taarifa ya uongo, na mzee wa watu amelala sakafuni kwa ajili yako wakati mkewe anavuna peke yake. Simama."

Alfred alisimama. Akamgeukia Danieli, akakosa pa kuweka mikono. "Samahani, mzee," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakusema Ndugu.

Danieli alimwangalia kwa utulivu. "Mimi si kitu. Kule rumande niliimba. Lakini viazi vimelala shambani chini ya majani, na baridi hii inavipiga. Inspekta, ghala linarudi lini kwetu?"

Hapo ndipo Rubeni alipokutana na shida iliyomzidi ile ya kumpata mwizi. Akatoa kofia, akakuna kichwa.

"Halirudi, mzee. Limekuwa kielelezo cha kesi. Kielelezo kinakaa kilipokutwa hadi hakimu aseme."

"Hakimu atasema lini?"

"Ukimwuliza hakimu atakwambia karibuni."

Yule mama wa Magamba akauliza kama kuna mtu anayejua kwamba hata Magamba kuna viazi, na kwamba tangu ngoma za ufunguzi mlango ule ulikuwa haujafunguliwa hadi leo. Danieli akamwambia yeye anajua, maana kwao ilikuwa hivyo hivyo. Wakasimama pamoja kutazama lile ghala tupu, mtu wa Malindi na mtu wa Magamba, kila mmoja akiwa na haki yake.

Rubeni aliwatazama. Alikuwa polisi muda mrefu, na sheria za vielelezo alizijua kwa moyo. Kielelezo kisihamishwe. Kisiharibiwe. Kilindwe. Akazipitia tena kichwani, pole pole, kama alivyopitia zile boliti.

"Koplo Bertha. Kuna mahali pameandikwa kwamba kielelezo lazima kiwe kitupu?"

Bertha akafikiri. "Sijapaona, afande."

"Na ghala likijaa, ni rahisi kuliiba?"

"Ni vigumu zaidi, afande. Lazima kwanza mtu ashushe viazi vyote."

"Basi ni ulinzi. Hamisi, lori lako nalo ni kielelezo."

"Ndiyo, afande."

"Lori likikaa bila kutembea betri inakufa, na mimi nitaulizwa. Utalitembeza kila siku, Malindi na kurudi. Lisitembee tupu, yumba yumba hiyo inaharibu springi. Mzee Danieli atakwambia upakie nini."

Danieli hakucheka. Alivua na ile kandambili, akabaki peku, akapanda kwenye lori mbele kando ya dereva, akafunga mlango.

* * *

Kesho yake mchana Landrova iliondoka na mshitakiwa, safari ya Tanga. Alfred alikaa nyuma na Bertha, pingu juu ya suti ya Kaunda. Rubeni alikaa mbele na sweta zake. Walipitia Magamba kwanza, ili inspekta akague kielelezo.

Lori lilikuwa limerudi na safari ya kwanza. Mama Raheli alisimama juu akigawa magunia, na watu wa vijiji vyote viwili wakiyapokea kwa mstari, wakisukumana, wakibishana kwa Kishambaa upande upi ni wa Malindi na upi wa Magamba. Mtu alikuwa amekwisha kuchora mstari sakafuni kwa mkaa. Mwingine alikuwa anaufuta kwa mguu.

"Ndugu Inspekta," akasema Alfred, Landrova ilipoanza kuondoka. "Naomba tusimame kidogo."

"Unataka kujisaidia?"

"Hapana."

Rubeni akamwambia dereva asimame. Alfred akajivuta hadi dirishani, akatazama magunia yakiingia mlangoni na watu wakitoka mikono mitupu kufuata mengine. Alitazama hadi Bertha akaanza kufikiri kwamba anapanga kutoroka, akamshika kiwiko.

"Mara zote hizo nilizolifungua," akasema meneja, "sijawahi kuliona lina kitu ndani."

Rubeni alingoja gunia moja zaidi liingie, kisha akamwambia dereva aendeshe.